Dola 7,395 Zilizoganda: Nani Apandishe Ruzuku ya Pell?

Mwaka wa masomo wa 2023–24, kiwango cha juu cha Ruzuku ya Pell nchini Marekani kilikuwa dola 7,395. Mwaka wa 2024–25 kikawa dola 7,395. Ukaja wa 2025–26, nao ukapangiwa dola 7,395. Katika kipindi chote hicho wanasiasa wa vyama vyote viwili walisimama mbele ya vipaza sauti wakijisifu kwamba wameilinda Pell. Walichokifanya ni kutoigusa, na bei za vitu hazikuwasubiri.

Msomaji ambaye nyumbani kwake kuna mtu aliyewahi kujaza FAFSA, fomu ya kuombea misaada ya masomo ya serikali kuu, hahitaji kuelezwa Pell ni nini. Inatosha kusema ni fedha ya serikali kuu kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotoka familia za kipato cha chini na cha kati, hairudishwi kama mkopo, na kila mwaka hufika kwa wanafunzi zaidi ya milioni 6. Mjadala ninaoutaka hapa ni mwembamba zaidi: kiwango hicho kipande chenyewe kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, kwa mujibu wa sheria, au kibaki mikononi mwa wabunge wakipange upya kila wanapopitisha bajeti?

Wanaotaka kipande chenyewe wamezoeleka kuonekana kama watu wanaodai fedha zaidi, basi. Nadhani hawaeleweki, na sehemu ya lawama ni yao wenyewe, kwa sababu hoja wanayoipenda kuliko zote ndiyo dhaifu kuliko zote.

Hoja yenyewe ni hii. Ruzuku ilianzishwa na Bunge mwaka 1972, na katika mwaka wake wa kwanza, 1973–74, kiwango cha juu kilikuwa dola 452. Kilipofika dola 1,400 katikati ya miaka ya 1970, kiliweza kulipia zaidi ya robo tatu ya gharama za mwaka mzima katika chuo kikuu cha umma: ada, malazi na chakula. Mwaka 1980 ruzuku ikapewa jina la Claiborne Pell, seneta wa Rhode Island aliyeipigania. Leo ada, malazi na chakula katika chuo kikuu cha umma, kwa mwanafunzi anayesoma katika jimbo lake, ni karibu dola 25,000 kwa wastani, na Pell nzima haifiki theluthi yake.

Takwimu hizo ni za kweli, na zinauma. Lakini zinachanganya mambo mawili. Ada za vyuo zimepanda kwa kasi kuliko bei za kawaida kwa miongo kadhaa, hasa baada ya majimbo kupunguza mchango wao kwa vyuo vyao. Hata kama Pell ingefuata mfumuko wa bei tangu siku ya kwanza bila kukosa senti, bado isingelipia robo tatu ya gharama za leo. Anayetumia takwimu hizo kudai nyongeza ya kila mwaka anaahidi kitu ambacho nyongeza hiyo haiwezi kukileta, na mpinzani wake akiwa makini atamkamata hapo hapo.

Hoja yenye uzito iko kwingine, ndani ya jinsi kiwango kinavyojengwa.

Dola 7,395 ni jumla ya mafungu mawili. Fungu la kwanza, dola 6,335, hupangwa na Bunge katika sheria ya matumizi ya kila mwaka. La pili, dola 1,060, ni nyongeza inayotoka kwenye sheria ya kudumu, haisubiri kura ya mwaka. Nyongeza hiyo ina historia fupi ya kuvutia. Sheria iliyosainiwa Machi 2010, ile ile iliyokomesha utaratibu wa serikali kudhamini mikopo ya wanafunzi inayotolewa na benki, ilichukua sehemu ya fedha zilizookolewa na kuamuru kwamba kuanzia 2013–14 Pell ipande kila mwaka kulingana na fahirisi ya bei za walaji. Ikapanda kweli. Kutoka dola 5,550, ambapo ilikuwa imekaa miaka mitatu, ikaongezeka dola 95, kisha 85, kisha 45, kisha 40, kisha 105. Mwaka wa 2017–18 ilikuwa dola 5,920.

Hapo saa ikasimama, maana sheria ilikuwa imeweka mwisho. Tangu mwaka huo fungu la pili limebaki dola 1,060, na kila nyongeza iliyokuja baadaye imetoka kwa wabunge.

Angalia tena nyongeza zile: 95, 85, 45, 40, 105. Katika miaka mitano zote pamoja ni dola 370. Hazikuwa nyongeza za kumfanya mtu aandamane kuzishangilia. Hivyo ndivyo urekebishaji wa kawaida unavyofanana, mdogo na wa kuchosha. Linganisha na hali iliyokuwapo kabla. Kuanzia 2003–04 hadi 2006–07 kiwango kilikaa dola 4,050, miaka minne mfululizo. Kisha, ndani ya miaka mitatu tu ya bajeti, kikaruka hadi dola 5,350. Aliyeanza chuo 2003 na aliyeanza 2009 walipewa ruzuku yenye jina moja na sheria moja, na tofauti yao ilikuwa dola 1,300 kwa mwaka kwa sababu ya hali ya hewa ya kisiasa ya mwaka walioanza chuo.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, kwa kuwa wana mambo ya kusema.

La kwanza ni la fedha, na ndilo ninalolichukulia kwa uzito zaidi. Pell ina umbo la ajabu katika bajeti ya Marekani. Kwa sehemu kubwa hutengewa fedha mwaka hadi mwaka kama programu yoyote inayosubiri kura, lakini mwanafunzi yeyote anayetimiza vigezo hulipwa, hata fedha zilizotengwa zikiwa hazitoshi. Wanafunzi wakiongezeka ghafla, pengo linahamia mwaka unaofuata. Uchumi ulipoanguka mwaka 2008, watu waliopoteza kazi walirudi vyuoni kwa wingi, na matumizi ya Pell yakaongezeka takriban mara mbili katika miaka miwili. Bunge lilikuwa limepandisha kiwango wakati huo huo, na bili ikafika. Mwaka 2011 ikafutwa ruzuku ya muhula wa kiangazi, ambayo haikurudi hadi 2017. Mwaka 2012 muda wa kupokea Pell ukapunguzwa kutoka mihula 18 hadi 12 kwa maisha yote, na kikomo cha mapato kilichoifanya familia ihesabiwe moja kwa moja kuwa haina uwezo wa kuchangia kikashushwa hadi dola 23,000. Yaani kiwango cha juu kilibaki kwenye karatasi, na waliotolewa nje ya mlango ndio walioligharamia pengo. Anayepinga nyongeza ya moja kwa moja anauliza: hilo likijirudia, nani atalipa? Si swali la kejeli. Mwaka 2025 pengo lilikuwa limeonekana tena, na sheria kubwa ya kodi na matumizi iliyosainiwa tarehe 4 Julai ikalazimika kuweka dola bilioni 10.5 kuliziba.

La pili ni kwamba vyuo vitaila nyongeza. Hoja hii ina mwenyewe: William Bennett, waziri wa elimu wa Rais Reagan, aliyeandika mwaka 1987 kwamba misaada ya serikali inavipa vyuo ujasiri wa kupandisha ada, maana vinajua serikali itafidia. Kuna sehemu yupo sahihi. Wachumi Stephanie Cellini na Claudia Goldin walilinganisha vyuo vya kibiashara vinavyoruhusiwa kupokea misaada ya serikali kuu na vingine vinavyofundisha vitu vile vile lakini haviruhusiwi, wakakuta vya kwanza vinatoza takriban asilimia 75 zaidi. Kwa vyuo vya umma, ambako ada hupangwa na bodi na mabunge ya majimbo, ushahidi wa wizi wa namna hiyo ni hafifu sana. Na sioni jinsi chuo kitakavyojipanga kuvizia nyongeza ya dola 45.

La tatu ni la wale wasemao fedha mpya iende kwenye matokeo, kwa kuwa wanafunzi wengi wa Pell huacha masomo njiani. Hili linajibiwa kirahisi zaidi kuliko linavyosikika. Jeffrey Denning, Benjamin Marx na Lesley Turner walifuatilia wanafunzi wa Texas waliokuwa karibu na mstari wa mapato unaomstahilisha mtu Pell kamili. Waliopata fedha zaidi walihitimu kwa wingi zaidi na wakaja kulipwa mishahara mikubwa zaidi, kiasi kwamba kodi walizolipa zilitosha kuirudishia serikali gharama yake katika miaka kumi. Anayetaka matokeo basi ana sababu ya kutoiacha ruzuku iyeyuke.

Kuna hoja ya nne ambayo ni ya kikatiba zaidi: mfuko wa fedha ni wa Bunge, na kila programu inayojipandisha yenyewe inapunguza nafasi ya wananchi, kupitia wawakilishi wao, kuchagua. Inasikika vizuri. Nitairudia.

Kwa haki, kuna jambo jingine linalowapa wapinzani nguvu ambalo watetezi hawalitaji. Tangu 2017–18 Bunge limeipandisha Pell lenyewe kutoka 5,920 hadi 7,395, ongezeko la karibu asilimia 25, likiwemo dola 400 mwaka mmoja na dola 500 mwaka uliofuata. Bei za walaji kati ya katikati ya 2017 na katikati ya 2025 zilipanda kwa takriban asilimia 32. Bunge halikufikia, lakini halikuachwa mbali sana. Saa ile ya 2010 ingeendelea kutembea, leo kiwango kingekuwa juu kwa dola mia kadhaa, si maelfu. Anayesema kuganda kwa saa kumeiua Pell anatia chumvi.

Kwa nini basi nisiseme mambo yaachwe yalivyo? Kwa sababu ya kile kinachotokea katika miaka kiwango kinapoganda huku kila kitu kinachokizunguka kikiendelea kusogea. Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji kwa hesabu kidogo, kwani jambo hili sijaona likielezwa ipasavyo hata na watetezi.

Tangu 2024–25, fomu ya FAFSA inatoa namba iitwayo SAI, kipimo cha uwezo wa familia kuchangia masomo. Baadhi ya familia hustahili Pell kamili moja kwa moja, kwa kulinganisha mapato yao na mstari wa umaskini wa serikali kuu. Wengine hupata kiwango cha juu toa SAI yao. Mstari wa umaskini huhuishwa kila mwaka. Majedwali yanayokinga sehemu ya kipato cha familia katika hesabu ya SAI nayo, kwa amri ya sheria, huhuishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Kitu kimoja tu katika mashine nzima hakina amri hiyo, nacho ni kiwango cha ruzuku.

Chukua familia ambayo SAI yake ni 3,000. Binti yao anapata 7,395 toa 3,000, yaani dola 4,395. Sasa tuseme miaka miwili imepita, bei zimepanda kwa asilimia 6, na mishahara ya wazazi nayo imepanda kwa asilimia 6 ile ile. Hawajatajirika hata kidogo. Wananunua mkate ule ule kwa saa zile zile za kazi. Majedwali yamehuishwa, kwa hiyo kila sehemu ya hesabu imepanda kwa kiasi hicho, na SAI imetoka 3,000 hadi takriban 3,180. Kiwango cha juu kimebaki 7,395. Binti anapata dola 4,215.

Soma tena. Ruzuku haikuganda kwake. Imeshuka kwa dola 180 taslimu, katika miaka miwili ambayo hakuna mbunge aliyepiga kura ya kuipunguza na wazazi wake hawakuongeza uwezo wowote. Ukiipima kwa nguvu ya kununua, amepoteza karibu asilimia 10, wakati bei zimepanda kwa asilimia 6 tu. Aliyepata kiwango chote alipoteza chini ya asilimia 6. Maumivu makubwa kuliko yote yamewaangukia watu wa katikati: dereva wa basi la shule aliyeolewa na muuguzi msaidizi, familia ambayo si maskini wa kutangazwa wala si watu wa kulipa dola 25,000 kwa mwaka. Kama kiwango cha juu nacho kingepandishwa kwa asilimia 6, kingefika kama dola 7,840, na binti angepata takriban 4,660.

Na asilimia 6 sijaitoa hewani. Kati ya Julai 2023 na Julai 2025 fahirisi ya bei za walaji nchini Marekani ilipanda kwa karibu kiasi hicho.

Kuna mfano hai unaoonyesha serikali yenyewe inalijua hili. Fomu mpya ya FAFSA ilipofunguliwa mwishoni mwa Desemba 2023, iligundulika kwamba Wizara ya Elimu haikuhuisha majedwali ya kukinga kipato kulingana na mfumuko mkubwa wa bei uliokuwa umepita. Familia zingeonekana zina uwezo kuliko hali halisi, na wanafunzi wangekosa misaada ya dola bilioni 1.8. Wizara ikakubali kurekebisha, ingawa marekebisho hayo yalichangia vyuo kuchelewa kupokea taarifa za wanafunzi hadi Machi 2024. Kwa hiyo namba moja isipohuishwa inaitwa kosa, magazeti yanaandika, na watu wanakesha kulisahihisha. Namba ya jirani yake isipohuishwa inaitwa bajeti.

Upande wa pili wa karatasi ya mwanafunzi huyo huyo kuna mkopo. Tangu sheria ya 2013, riba ya mikopo ya serikali kuu kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza hupangwa upya kila mwaka kwa kanuni: riba ya hati fungani za hazina za miaka 10 katika mnada wa Mei, jumlisha asilimia 2.05. Hakuna kikao wala hotuba. Mkopo wa 2020–21 ulikuwa na riba ya asilimia 2.75, wa 2023–24 asilimia 5.50, wa 2024–25 asilimia 6.53, wa 2025–26 asilimia 6.39.

Mfuate aliyeingia chuo kikuu cha umma Agosti 2023 na Pell kamili. Mwaka wa kwanza barua ya misaada inamwonyesha Pell dola 7,395, imegawanywa dola 3,697.50 kwa kila muhula, na mkopo wa hadi dola 5,500 kwa riba ya asilimia 5.50. Mwaka wa pili Pell ni ile ile hadi senti 50 ya mwisho, mkopo unaweza kufika 6,500, riba 6.53. Mwaka wa tatu Pell haijatikisika, mkopo hadi 7,500, riba 6.39. Chumba cha bweni na tiketi ya chakula vimepanda kila mwaka, na kinachoziba nafasi ni safu ya mkopo. Anachodaiwa kinafuata uchumi moja kwa moja. Anachopewa kinasubiri Bunge liwe na nafasi.

Sasa nirudi kwenye hoja ya mfuko wa Bunge. Wenye hoja hii wanadhani kwamba kiwango kisipoandikiwa kanuni, basi wabunge wanaamua kila mwaka. Wangekuwa wanaamua kweli ningekaa kimya. Kinachotokea ni kwamba Bunge likishindwa kukubaliana, linapitisha sheria ya kuendeleza matumizi ya mwaka uliopita, kama lilivyofanya Machi 2025 kwa mwaka mzima wa fedha, na namba ya Pell inabebwa humo ndani pamoja na maelfu ya namba nyingine. Hakuna aliyesema ndiyo wala hapana kuhusu ruzuku. Funika kombe mwanaharamu apite.

Tazama kinyume chake. Bajeti ya Ikulu kwa mwaka wa fedha wa 2026 ilipendekeza kiwango cha juu kishushwe hadi dola 5,710, punguzo la dola 1,685. Kelele zilikuwa kubwa, vyuo na vyama vya wanafunzi vikapinga, na kamati ya matumizi ya Seneti ikaandika muswada wake ikiacha 7,395. Punguzo lililotangazwa lilikutana na demokrasia. Lililopitia mfumuko wa bei halikukutana na mtu. Kama kweli tunajali mamlaka ya wawakilishi, mpangilio sahihi ni ule unaomlazimu anayetaka kupunguza ainue mkono wake hadharani. Nyongeza ya moja kwa moja haimnyang'anyi Bunge kalamu. Bunge linaweza kuisimamisha mwaka wowote, kwa kura yenye majina. Ndivyo ilivyo kwa pensheni za wazee, ambazo zimekuwa zikipanda zenyewe tangu 1975, na kwa madaraja ya kodi ya mapato, yaliyofungwa na mfumuko wa bei tangu 1985 ili serikali isijiongezee kodi kimya kimya. Hilo la kodi lilisukumwa na wahafidhina, na hoja yao ilikuwa nzuri: mfumuko wa bei usiachiwe kubadilisha sheria ambayo Bunge halijaibadilisha. Sijapata kusikia kwa nini hoja hiyo inakoma kwenye mlango wa chuo.

Kuna suala la kalenda pia, dogo kwa mwanasiasa na kubwa kwa familia. Vyuo hutaka kutuma barua za misaada mwishoni mwa majira ya baridi ili mwanafunzi achague kabla ya Mei. Sheria ya matumizi iliyobeba Pell ya 2024–25 ilisainiwa tarehe 23 Machi 2024. Ofisi za misaada zilikuwa na nafasi mbili: kusubiri, au kuandika makadirio na kuyaombea. Kiwango chenye kanuni kingejulikana tangu takwimu ya bei inapotoka, miezi kadhaa kabla, na mwanafunzi wa darasa la kumi na mbili anayelinganisha chuo cha jimbo na chuo cha jamii cha karibu na nyumbani angelinganisha namba halisi.

Hofu ya mapengo bado ipo, na sidhani inajibiwa kwa kusema fedha zitapatikana. Lakini angalia kilichosababisha pengo la 2008 hadi 2012: idadi ya wanafunzi iliyolipuka, pamoja na nyongeza kubwa zilizopitishwa kwa pupa baada ya miaka minne ya kuganda. Hali ya kuruka na kuganda ndiyo inayofanya bili isitabirike. Nyongeza ya asilimia 2 au 3 kwa mwaka inaweza kuingizwa katika makadirio ya ofisi ya bajeti miaka kumi mbele. Mruko wa dola 500 katika mwaka wa uchaguzi hauwezi. Ningekubali masharti mawili kwa wanaoogopa. Nyongeza ya mwaka iwe na kikomo, tuseme asilimia 4, ili mwaka wa mfumuko wa kutisha usivunje mfuko. Na nyongeza ilipiwe na sheria ya kudumu, kama ilivyokuwa 2013 hadi 2017, isiwekwe kwenye fungu linalogombaniwa kila mwaka. Vinginevyo tunahamisha ugomvi tu.

Sheria ya Julai 2025 imeongeza mzigo mwingine juu ya mfuko huo huo. Kuanzia Julai 2026 Pell inaruhusiwa kulipia mafunzo mafupi ya kazi ya wiki 8 hadi 15. Wazo lenyewe silipingi; udereva wa malori na usaidizi wa maabara ni riziki halali. Ila kupanua orodha ya wanaokula huku kiwango kikiwa hakina kanuni kunajenga kishawishi kinachoonekana wazi: pengo lijalo likitokea, njia rahisi ya kuliziba itakuwa kuiacha 7,395 ikae mwaka mwingine, na mwingine.

Linabaki swali ambalo watetezi wenyewe hawajakubaliana, nalo ni la kufuata fahirisi ipi. Baadhi wanataka ruzuku ifuate gharama za vyuo, ili ile robo tatu ya miaka ya 1970 angalau isizidi kupungua. Siungi mkono. Ukiifunga ruzuku kwenye ada, umempa mwenye ada kalamu ya kuandika hundi ya serikali, na hapo Bennett atakuwa sahihi hata kwenye vyuo ambavyo leo hana ushahidi navyo. Bei za walaji hazipangwi na chuo chochote. Zinamlinda mwanafunzi dhidi ya bei ya mchele, nauli na kodi ya chumba, na zinaiacha ada iwe vita ya majimbo na bodi za vyuo vyao, mahali inapostahili.

Msingi nao uwe 7,395. Wapo wanaotaka kuanza kwa kuiongeza mara mbili, hadi karibu dola 13,000 kama kampeni yao ilivyodai tangu kiwango kilipokuwa dola 6,495, ndipo kanuni ifungwe. Inawezekana wana haki, na kwa chuo cha dola 25,000 namba yao haina anasa yoyote. Lakini kuongeza mara mbili ni uamuzi mpya wa matumizi unaohitaji wingi wa kura na mabilioni mengi, wakati kuhuisha ni kulipa kile ambacho Bunge limeshaamua kulipa. Ukizifunga hoja hizo kwenye muswada mmoja, ya pili itaanguka pamoja na ya kwanza, na 7,395 itaingia mwaka mwingine ikiwa ile ile.